Kivuli cha Pembeni ya Hiace, Kutoka Sikonge Hadi Kibirizi

Turubai la pembeni ya gari haliharibiki sana likiwa wazi. Linaharibika likiwa limeviringishwa, limefungwa mikanda juu ya keria, ndani lina unyevu wa mvua ya juzi na vumbi jekundu la barabara, na mwenye gari yuko zake mjini akiamini amelihifadhi. Wengi wanaoniuliza habari za turubai langu huuliza namna ya kulifungua. Mimi ningependa waanze kuuliza namna ya kulifunga.

Kazi yangu ni kununua asali na nta kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, kushuka nazo Kigoma, na kurudi Tabora na dagaa. Kazi hii ina kulala njiani kwingi. Hiace yangu nimeigeuza nyumba: kitanda nyuma, madumu ya asali chini ya kitanda, jiko dogo la gesi, na ubavuni turubai la kuviringisha lenye urefu wa mita mbili na nusu, ambalo likitolewa linaenea mita mbili mbele ya mlango. Hapo chini ndipo mizani inapotundikwa, ndipo chai inapopikwa, ndipo wazee wa kijiji wanapokaa tukielewana bei. Mama watoto akisafiri nami, hiyo ndiyo sebule yake, na hakubali mtu aingie na viatu vya matope.

Asiyewahi kukaa Tabora mwezi wa Oktoba anaweza kudhani kivuli ni anasa. Mji uko juu kiasi cha mita 1,200, kwa hiyo usiku unavumilika, lakini Oktoba mvua bado haijafika, jua liko karibu utosini, na bati la gari saa nane mchana haliwekeki kiganja. Ndani ya gari hakukaliki. Unatakiwa uwe na paa lingine, na paa hilo liwe unaloweza kulikunja ukaondoka nalo.

Jambo la kwanza ni mahali pa kulifunga. Huku tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na mlango wa kusukuma wa Hiace uko kushoto, kwa hiyo turubai linakaa kushoto, juu ya mlango. Bati la paa peke yake halibebi kitu kile. Uzito wenyewe, yaani kitambaa, bomba na miguu, si mkubwa sana, lakini upepo ukilivuta linakuwa zito mara nyingi zaidi, na bati litachanika kwenye matundu ya bolti. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea keria ya bomba za chuma inayoshika kwenye fremu ya paa, akaongeza vyuma vitatu vya pembe, viwili mwishoni na kimoja katikati. Cha katikati ndicho watu wengi hukiruka ili kupunguza gharama, na ndicho kinachozuia bomba lisipinde.

Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani. Za kawaida hazivumilii rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, zinajifungua zenyewe kidogo kidogo bila sauti. Mimi kila nati nimeichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma. Nikisimama kujaza mafuta natupa jicho juu: mistari ikiwa imenyooka, nati hazijasogea. Mstari mmoja ukiwa umekatika, natoa spana namba 13 palepale. Hii inachukua muda mfupi kuliko kumlipa kijana wa soda, na imeniepusha na mengi.

Kuhusu kitambaa nina maneno mengi, kwa sababu hapa ndipo watu hununua kwa macho. Kuna turubai la plastiki nzito kama lile la malori. Halipitishi tone, linasafishika kwa kitambaa chenye maji, lakini ni zito na halipumui. Asubuhi upande wa chini unakuta limelowa kwa mvuke wa pumzi na wa sufuria, na mtu anadhani limevuja. Kuna kitambaa cha polista kilichopakwa dawa ya kuzuia maji, chepesi, kinakauka haraka, ila jua la huku linakila, na baada ya misimu kadhaa ile dawa ya chini inaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Kuna turubai la pamba, au pamba iliyochanganywa na polista. Hilo ni zito kiasi, linapumua, kivuli chake ni kizuri kuliko yote, na likichanika linashoneka na fundi yeyote mwenye sindano ya kushonea magunia. Adui yake ni ukungu. Mimi nilichagua la mchanganyiko, kwa sababu Sikonge kuna mafundi cherehani wengi na hakuna duka hata moja la vipuri vya turubai la kigeni.

Rangi nayo si urembo. Maturubai mengi sokoni ni ya bluu, na bluu inapendeza. Lakini ukiingia misitu ya miombo kusini mwa Sikonge au upande wa Kaliua unaingia nchi ya mbung'o. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu hizo ndizo rangi zinazowavuta. Mzee mmoja mfugaji nyuki alipomwona dereva mwingine akitandaza turubai la bluu chini ya mti alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hao wageni umewaita mwenyewe." Jioni ile tulikuwa tunapiga shingo zetu kila dakika. Kuumwa na mbung'o ni maumivu, na mikoa hii inaijua malale kwa jina na kwa makaburi. Chukua rangi ya kaki au ya mchanga. Mavazi pia.

Turubai jipya la pamba lisipelekwe safarini siku linapotoka kwa fundi. Litandaze uani, lilowanishe lote kwa maji safi, liache likauke kabisa, kisha urudie. Nyuzi za pamba zikilowa hunenepa na kuziba yale matundu madogo ya sindano kwenye mishono. Mara ya kwanza utaona matone yakipita mshononi na utataka kumgombeza fundi. Mara ya pili yanapungua. Mtu aliyeruka hatua hii atakuja kulowa kitandani Novemba na kulaumu kitambaa.

Kabla ya kutoa turubai kijijini, mimi huenda kwanza kumsalimu mwenyekiti wa kitongoji. Msitu wa hifadhi si mahali pa kulala bila kibali, na kijiji si mahali pa kujitandazia tu. Ukishapiga hodi na kupewa sehemu, tazama juu. Tawi lililokauka, mikungu ya mchikichi ukiwa Kigoma, mzinga wa nyuki uliotundikwa: vyote hivyo ni sababu ya kusogeza gari. Miembe ya Tabora, ile mikubwa ya zamani, ina kivuli ambacho hakuna turubai litakaloshindana nacho, lakini wakati wa maua huangusha vitu vinavyonata, na utomvu wake ukikaukia kwenye kitambaa unaacha doa la kahawia lisilotoka. Maembe yakikomaa ndiyo basi kabisa.

Halafu tazama jua. Tabora na Kigoma ziko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua la mchana linapita kaskazini, na kivuli cha gari kinaangukia kusini. Nikielekeza pua ya Hiace magharibi, ubavu wa kushoto unatazama kusini, na kivuli cha gari kinaungana na cha turubai, tunapata nafasi kubwa mchana kutwa. Desemba jua limehamia kusini, basi nageuza pua mashariki. Oktoba halina upande, liko juu ya kichwa, weka gari utakavyo.

Kigoma, hata hivyo, sifuati jua. Nafuata upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba unavuma upepo wa kusini-mashariki, unapita juu ya Ziwa Tanganyika lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, na hakuna kitu cha kuuzuia. Nikiwa ufukweni Kibirizi au upande wa Katonga nageuza mgongo wa gari ziwani, pua mashariki, ili ubavu wenye turubai uelekee kaskazini na mwili wa gari uupokee upepo. Turubai lililotandazwa ni tanga. Wavuvi hawahitaji kuelezwa hilo. Wengine wote inabidi tujifunze.

Nimeona gari kubwa la wasafiri pale ufukweni, zuri, la kulala watu wanne, turubai lake limetoka lote. Wenyewe walikuwa wamekwenda kula samaki. Upepo uliingia chini, ukalinyanyua, miguu ikang'oka, na lote likageukia juu ya paa. Mikono ya alumini ilipinda na kioo kimoja cha dirisha kikavunjika. Hakukuwa na dhoruba. Ulikuwa upepo wa kawaida wa saa sita. Walikuwa wamefunga kamba, tena nyingi, lakini vigingi vyao vilikuwa vile vyembamba vya hema, vimesimikwa wima kwenye mchanga mkavu.

Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa akishona nyavu, alinionyesha namna yao ya kushika mchanga. "Mwanangu, mchanga haushiki kilichosimama," alisema, "unashika kilicholala." Unachimba shimo la kina cha goti. Unachukua kiroba, unakijaza mchanga huohuo, unakifunga kamba katikati ya tumbo, unakilaza shimoni kikiwa kimekingama na upande kamba inakovutwa. Kamba inatoka kupitia mfereji mwembamba uliouchimba kuelekea kwenye turubai, ili isinyanyue kiroba kwenda juu bali ikivute kwenye ukuta wa shimo. Unafukia, unakanyaga, unamwagia maji ndoo moja. Gogo linafaa vilevile. Nimevuta kamba ya namna hiyo kwa nguvu zangu zote na za kijana wangu, haikutikisika. Kuchimbua wakati wa kuondoka ni kazi, lakini ni kazi ninayoipenda kuliko kutafuta kioo cha dirisha Kigoma.

Kwenye udongo mgumu wa kiangazi mambo ni mengine. Vigingi vyangu ni nondo za milimita 12, kila kimoja kama sentimita 40, ncha imenolewa kwa grenda na kichwani kuna pete iliyochomelewa. Vinapigwa kwa kulazwa: kichwa kielekee mbali na gari, ncha iingie ardhini ikielekea upande wa gari. Mtu akipiga kigingi wima, au kichwa kikatazama turubai, kamba inakichomoa kama msumari kwenye ubao uliooza. Ukiwa kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, tahadhari: mvua ikinyesha unakuwa tope na kigingi kinatoka kwa vidole viwili. Huko naongeza kigingi cha pili nyuma ya cha kwanza na kuvifunga pamoja, au nahama.

Fundo ninalotumia ni moja tu. Kamba inazunguka kigingi, ncha inarudi juu, inazungushwa mara mbili kwenye kamba kuu ndani ya kile kitanzi, kisha mara moja nje yake, juu zaidi upande wa turubai, na kukazwa. Ukilishika kwa mkono linateleza juu na chini, ukiliachia likavutwa linang'ang'ania. Usiku wa manane mvua ikianza, huhitaji kufungua chochote. Unatoka, unalisukuma fundo, unarudi kulala.

Na utatoka, kwa sababu kamba zinabadilika zikilowa. Ya katani hukaza: ukiiacha imevutwa sana kabla ya mvua, itang'oa kigingi au kuchana pindo. Ya nailoni hulegea: turubai linabonyea, na mahali lilipobonyea maji yanakusanyika. Mimi natumia nailoni, na kati ya kamba na kona ya turubai naweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ambao kila mfunga mizigo sokoni anao. Upepo ukija kwa mikupuo, mpira unanyooka na kurudi, na mshtuko haufiki kwenye mshono. Sijawahi kuona kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Sasa mteremko. Kama kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila mwenye turubai akitie akilini ni hiki. Ukingo wa mbele ushushwe chini kuliko ule unaoshika gari, na mguu mmoja wa mbele ushushwe zaidi ya mwenzake kwa kama shubiri moja, ili maji yawe na kona ya kukimbilia. Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Turubai langu ni mita tano za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo Tabora mwezi wa Januari inaweza kuanguka kabla chai haijachemka, ni lita 50, ndoo mbili na nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukilitandaza turubai sawasawa kama meza, umekubali kutundika kilo 50 katikati ya kitambaa kinachoshikwa na bomba mbili nyembamba. Miguu inapinda, bomba linapinda, na siku nyingine hakuna cha kupinda, kinachanika. Ukiona tumbo la maji limeanza, usilipige kwa ngumi kutoka chini. Shusha mguu wa kona taratibu, yaache yajitoe, na simama pembeni.

Mvua za kwanza za Novemba zina tabia yake. Mchana unakuwa mzito, kisha upepo unakufa ghafla, mbuzi wanaanza kurudi wenyewe, upande mmoja mbingu imekuwa nyeusi. Baada ya hapo unakuja upepo wa baridi wenye vumbi, na huo ndio unaong'oa, kabla hata tone moja halijaanguka. Nikihisi ubaridi ule mashavuni, sisubiri kuona mvua. Turubai linakunjwa, madumu yanaingizwa, mizani inashushwa, na wazee wananielewa kwa sababu nao wanakimbilia kuanua vitu vyao. Usiku pia nalikunja, hata kukiwa shwari. Aliyelala hawezi kushusha mguu wa turubai. Kigoma usiku upepo unaweza kugeuka ukashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na gari uliloliweka vizuri saa kumi jioni linajikuta limetazama upande mbaya.

La moto nalisema kwa ufupi na kwa uzito. Jiko la mkaa lisiwe chini ya turubai; cheche moja inatoboa polista mara moja, na pamba inafuka polepole hadi uione. Liweke nje ya ukingo, upande upepo unakokwenda. Na ule baridi wa Juni, watu wakishusha vitambaa vya pembeni ili kuzuia upepo, kuna wanaoingiza jiko la mkaa ndani wapate joto. Usifanye, wala usimruhusu mgeni wako afanye. Hewa ya mkaa inayoua haina rangi wala harufu, na wanaokufa kwayo hufa wamelala. Vaa sweta, jifunike blanketi, mkaa ubaki nje.

Kufunga, basi. Tunafanya wawili, mimi na kijana wangu, kila mmoja na ncha yake. Kwanza ufagio laini unapita juu kuondoa majani na mchanga, kisha chini, kwa sababu buibui na nyigu hupenda pindo la ndani. Miguu inafutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuingizwa ndani ya bomba zake. Punje za mchanga wa ziwa zikiingia mle zinakwaruza alumini hadi mguu unakwama. Bomba hizi hazipakwi grisi. Grisi na vumbi vikikutana vinakuwa msasa. Tunaviringisha taratibu kuelekea gari, mikono yetu wote wawili ikienda sawa, kwa kuwa mkunjo mmoja wa mshazari unabaki kwenye kitambaa msimu mzima na ndipo kinapoanza kukatika. Mikanda inafungwa, mfuko unafunikwa, zipu inavutwa. Zipu naipaka nta ya nyuki, kipande kikavu nikikipitisha juu ya meno yake. Inateleza, na vumbi halishiki kama linavyoshika mafuta.

Kama turubai limelowa, na safari haisubiri, tunalifuta kwa taulo kuukuu, tunaliviringisha kwa kulegeza, na kituo cha kwanza chenye jua tunalifungua hata kama ni nusu saa. Pale Uvinza kuna kiwanja ambako nimefanya hivyo mara nyingi mpaka vijana wa pale wananiuliza kama nauza maturubai. Umande nao ni maji. Asubuhi ya Mei turubai linaweza kuonekana kavu juu na likawa limelowa chini. Pitisha kiganja. Likikaa limelowa ndani ya mfuko mweusi juani kwa siku mbili tatu, ukungu umeshaingia, na ukungu ukiingia kwenye nyuzi za pamba unaweza kuua harufu yake lakini madoa na udhaifu vinabaki.

Kufua si kwa sabuni ya unga. Hiyo inaondoa dawa ya kuzuia maji, na mabaki yake yanavuta maji badala ya kuyafukuza. Maji safi na brashi laini yanatosha mara nyingi. Yakishindwa, sabuni ya kipande kidogo, na kusuuza mpaka povu liishe. Ziwa Tanganyika maji yake hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo mawimbi yakilirushia si msiba, suuza tu mchanga. Kinyesi cha ndege kisiachwe kikauke juani. Kiloweshe, kiinue, usikisugue. Ukungu ulioanza karibuni unaondoka kwa siki iliyozimuliwa na maji, brashi, na jua la kutosha. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe itaondoa doa na kula uzi wa mshono pamoja nalo.

Nikiwa mtu wa nta, watu wa Kigoma hudhani turubai langu lote nimelipaka nta ya nyuki. Hapana, na nina sababu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, lakini inalainika mapema zaidi. Kitambaa kilichopakwa nta chote, kikaviringishwa juu ya bati la gari Oktoba, kinajigandisha chenyewe, na ukikifungua kinavutana. Kinabeba vumbi. Na nta ambayo haijasafishwa vizuri ina harufu ya asali: nyuki watakuja kuikagua, na mteja atakimbia. Nta ninaitumia kwenye mishono tu. Nachukua ile iliyochemshwa na maji na kuchujwa kwa gunia mara mbili, yenye rangi ya manjano iliyokolea, naisugua kwenye mshono upande wa juu mpaka uzi ufunikwe, naweka karatasi juu yake na kupitisha pasi ya mkaa yenye moto mdogo. Nta inazama ndani ya uzi, ya ziada inabaki kwenye karatasi. Ukihitaji kuiyeyusha, weka kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe usiweke nta moja kwa moja kwenye moto, inawaka kama mafuta ya taa. Mishono iliyotendewa hivyo mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeisha, inavuka msimu unaofuata bila kuvuja.

Tundu dogo linashonwa siku hiyohiyo lilipoonekana. Kiraka kiwe cha kitambaa kilekile, kimoja juu na kingine chini, pembe zake zikatwe mviringo kwa sababu pembe ya mraba ndiyo huanza kuinuka, na uzi uwe wa polista mnene. Ule wa kushonea mashati jua linaumaliza upesi.

Kitambaa changu sasa kimefikia umri wa kubadilishwa. Nikikishika dhidi ya jua naona nuru ikipita katikati, pale ambapo kila safari kinapokea jua la mchana. Fundi nimeshampata, yupo karibu na soko kuu la Tabora, na nimempelekea turubai la zamani likiwa zima, bila kulifumua, liwe kipimo. Tumekubaliana akate kwa kuongeza sentimita mbili kila upande kwa ajili ya pindo, kwa sababu kitambaa kipya cha pamba kitanywea kikiloweshwa, na ashone mishono yote ikielekea ukingo wa mbele ili maji yafuate mshono badala ya kuukata. Bomba la mbele nitalipeleka siku hiyo hiyo, apime mfereji wake, ule ambamo pindo huingizwa, kabla ya kuweka kamba ya pindo. Rangi ni kaki.